Tui au maziwa ya nazi? Jibu kwa msomaji mwenye mkahawa Malindi

Swali: Shikamoo, Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa Nakuru, nimefungua mkahawa mdogo hapa Malindi. Wageni wengi hawanywi maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo kwenye menyu niliandika "maziwa ya nazi". Mpishi wangu, mama wa Lamu, ameyafuta na kuandika "tui". Jikoni nako husema mara tui la kwanza, mara kasimile, mara "hiyo ni chicha tu, itupe". Wageni wenyewe hulitamka "twi". Niandike nini, litamkwe vipi, na je, linafaa kwenye kahawa? Nilipojaribu lilikatika. Halafu juzi mgeni mwenye mtoto wa miezi minne aliomba tumjazie chupa kwa tui. Hatukujua la kumjibu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpishi wako ana haki, na nakuomba usilifute neno lake. Pwani nzima, kutoka huku kwetu Lamu mpaka Vanga, kinachokamuliwa kwenye nazi iliyokunwa kinaitwa tui. "Maziwa ya nazi" ni jina lililokuja na kopo la dukani. Maziwa kwa Kiswahili yana asili yake, nayo ni ziwa, la mama au la mnyama, na sikio la mtu mzima wa Lamu hulikataa neno hilo likiwekwa kwenye nazi. Sisemi ni kosa kila mahali. Maziwa ya soya na maziwa ya lozi yameingia katika lugha na yanaeleweka, kwa kuwa vitu hivyo havikuwa na jina kwetu. Nazi ilikuwa nalo. Kinachofanana ni kitenzi tu, kwani ng'ombe hukamuliwa na tui hukamuliwa.

Wenzetu wa Ulaya jambo hili wamelipeleka mpaka mahakamani. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinywaji cha soya na vingine vya mimea visiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa vile vilivyo kwenye orodha ya vighairi. Maziwa ya nazi yamo katika orodha hiyo kwa sababu jina lake limezoeleka tangu zamani. Basi mgeni wako akisema "maziwa ya nazi" usimsahihishe kwa ukali, maana kwao ndilo jina. Lakini menyu ya Malindi iseme Kiswahili cha Malindi. Andika tui la nazi, na chini yake, kwa herufi ndogo, maelezo ya lugha ya mgeni ukipenda.

Kuna msafiri ambaye napenda kumtaja wanafunzi wangu wa mapishi wakidhani tui ni jambo la juzi. Ibn Battuta wa Morocco alipita Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, na alipofika Dhofar, kusini mwa Omani, alieleza jinsi watu wa huko walivyoitumia nazi. Alisema mwanamke hukaa juu ya kitu mfano wa kiti, mkononi ana fimbo yenye chuma kilichochomoza, akaiponda nyama ya ndani kwa chuma hicho, kisha nyama ile ikatiwa maji mpaka yakawa meupe yenye ladha ya maziwa, watu wakayala na mkate. Yeye alikuwa mgeni, akayaita maziwa kama wanavyoyaita wageni wako. Msomaji wa Langoni au Mkomani, mitaa ya mji wetu wa Lamu, hahitaji kuambiwa kile kiti kinafanana na nini. Ni mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, ila chuma chake kimefungwa kwenye kibao chenyewe, na mpaka leo kipo katika nyumba nyingi za Lamu.

Sasa tamshi. Tui lina silabi mbili, tu na i, na mkazo unakaa kwenye tu. Kinachowapotosha wageni, na hata baadhi ya watu wa bara, ni kuifanya u kuwa w. Kiswahili kinafanya hivyo pahali pengi: ku na isha huwa kwisha, mu na alimu huwa mwalimu. Huko u ni ya kiambishi, ndiyo maana inalegea ikikutana na irabu. Katika tui, u ni ya shina lenyewe, haiendi popote. Mtu anayejua Kiswahili kidogo mwambie atamke "adui", asikie jinsi mwisho wake unavyokaa, halafu aweke t mahali pa d na kuiacha ile a ya mwanzo. Wataliano, ambao Malindi hawakosekani, kazi yao ni nyepesi zaidi. Wana neno lao "lui" lenye maana ya yeye, na wakibadili herufi ya kwanza wamefika karibu kabisa. Mwingereza mwandikie kwa kistari, tu-i, na umtamkie mara moja. Wengi hulipata hapo hapo.

Upatanisho pia uutazame kabla hujapeleka menyu kwa mchapaji. Ni tui la nazi, si "tui ya nazi". Ni tui zito, tui jepesi, tui limechacha. Na ukimsikia mpishi wako akisema mtele na mtuzi, usidhani ameteleza ulimi. Hiyo ni Kiamu, lahaja ya Lamu, na anakusudia mchele na mchuzi. Vivyo hivyo kahawa tungu ni kahawa chungu.

Hayo ya jina si mazito. Palipo na uzito hasa ni kwamba mpishi wako anapotaja tui hataji kitu kimoja, na ukielewa hapo, jikoni mtaelewana na kahawa yako utajua iliharibikia wapi.

Anza na nazi yenyewe. Tunda la mnazi lina majina kwa kadiri ya umri: kidaka likiwa dogo, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi. Dafu ni la kunywa maji na kukomba nyama laini. Halitoi tui la maana. Koroma limo kati, nyama imeanza kuwa ngumu lakini mafuta bado. Wachuuzi wengine humuuzia mgeni koroma, na ukilikamua utapata maji meupe yasiyoshika chakula. Unataka nazi iliyokomaa, kifuu cha kahawia, nzito mkononi, na ukiitikisa sikioni usikie maji yakicheza. Isiyo na maji kabisa iache. Maji ya ndani, ya dafu au ya nazi, si tui. Nimeshaona menyu zikivichanganya hivyo viwili, mgeni akaagiza kimoja akaletewa kingine.

Ipasue kwa mgongo wa panga, ukigonga katikati na kuigeuza polepole mpaka ipate ufa, na maji yake yakinge kwenye kikombe. Yaonje kabla ya kuendelea. Yakiwa matamu au hata kama hayana ladha, sawa. Yakiwa machachu au ya kuteleza, nazi hiyo usiikune. Inuse na nyama yake, maana yenye harufu ya mafuta yaliyooza haifichiki hata ukitia hiliki. Nazi mbovu harabu ya nzima, na jikoni msemo huo una maana ile ile ya maneno yake: ukikuna nazi tano kwenye sinia moja na moja imeoza, umepoteza zote. Kwa hiyo kila moja ionjwe kabla ya kuungana na wenzake.

Kwenye mbuzi, mkunaji hukaa juu ya kibao, ule ulimi wa chuma wenye meno ukiwa mbele yake na sinia chini yake. Nusu ya nazi huishika kwa viganja viwili, akaanza ukingoni na kuizungusha kuelekea ndani, kwa mikwaruzo mifupi. Mikwaruzo mirefu hutoa vipande, na vipande havitoi tui, huishia kwenye chicha na utamu wake wote. Anayejua kazi huacha mapema. Karibu na kifuu kuna ngozi ya kahawia, na ukianza kuuona wekundu wake kwenye sinia ujue umepita mpaka. Tui litakuwa na rangi ya vumbi na ladha ya ukakasi kidogo. Kwa mchuzi wa samaki si neno. Kwa vitumbua na wali mweupe itaonekana.

Halafu ukamuaji. Nazi iliyokunwa ukiiminya bila maji, au kwa maji kidogo tu ya vuguvugu, unapata tui zito kama malai. Hilo ndilo tui la kwanza, ndilo kasimile anayoitaja mpishi wako. Zamani tulikamua kwa kifumbu, kile kifuko kilichosukwa. Siku hizi wengi hutumia kitambaa safi au chujio. Maji ya vuguvugu hulegeza mafuta yakatoka. Ya baridi huyaacha ndani, na ya moto sana huunguza mkono na kuanza kulipika tui kabla ya wakati. Ukitia maji tena kwenye mabaki yale yale na kukamua, hilo ni tui la pili, jepesi. Ukirudia mara ya tatu unapata maji yaliyopauka, ya kuchemshia tu. Kinachobaki mkononi, kikavu na kisicho na ladha, ndicho chicha. Nyumba nyingi huwapa kuku. Blenda inafanya kazi pia, na kwa mkahawa siilaumu: kata nyama vipande vidogo, ondoa ngozi ya kahawia kwa kisu, tia maji ya vuguvugu, saga, chuja kwa kitambaa. Hakikisha tu kwamba mkamuo wa kwanza unawekwa chombo chake na wa pili chake. Mahali pengi pa biashara huvichanganya kwenye ndoo moja, na ndiyo sababu wali wao hauna harufu.

Kanuni ya mapishi ya pwani ni kwamba tui jepesi hupika, na tui zito humalizia. Wali wa nazi huanza na tui la pili na chumvi. Mchele uliooshwa ukaingia, ukanywa karibu maji yote, ndipo kasimile humiminwa juu, sufuria ikafunikwa na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, moto wa chini ukapunguzwa. Mbaazi za kuliwa na mahamri asubuhi huchemshwa mpaka zilainike, zikatiwa tui jepesi na kitunguu, na zito likaja mwisho. Kunde, mchicha, kisamvu, muhogo, pweza, vyote vina mpangilio huo huo. Samaki wa kupaka ana njia yake. Yeye huchomwa kwanza, na tui zito hupikwa peke yake na thomu, tangawizi, pilipili na ukwaju mpaka lishikane, ndipo samaki akapakwa. Mahamri hukandwa kwa tui zito ili unga uwe laini. Vitumbua na mkate wa kumimina, tui husagwa na mchele ulioroweka. Mwezi wa Ramadhani kuna vipopoo, yaani vidonge vya unga vilivyopikwa kwa tui, na ndizi za sukari na hiliki zilizolala ndani ya kasimile, na hapo mtu asiyetumia maziwa ya ng'ombe anakula futari nzima bila kuulizauliza.

Basi tunafika kwenye kukatika. Tui ni maji yenye matone madogo sana ya mafuta, na kinachoyazuia matone yasiungane ni protini chache za nazi zilizoyazunguka. Moto ukikaribia kuchemka, protini hizo huanza kuganda na kuachia, mafuta yakakutana, yakapanda juu, na chini kukabaki maji yenye chembe zilizoganda. Uchachu nao husukuma mambo upande huo huo. Ndiyo maana mpishi wa Lamu hasimami mbali na sufuria ya tui. Hulikoroga bila kuacha, tena kwa upande mmoja, hulichota kwa upawa na kulimwaga tena ndani, hafuniki mpaka lichemke mara ya kwanza, na ndimu huikamulia mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa. Pahali pengine kukatika kunatafutwa. Mafuta ya nazi ya nyumbani hutengenezwa kwa kulichemsha tui mpaka likatike kabisa. Na usichanganye kukatika na kujitenga. Tui lililowekwa kwenye friji hupanda malai juu na maji chini, na malai hayo huganda, kwa sababu mafuta ya nazi huanza kuwa magumu kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Hapo halijaharibika. Lipashe taratibu ukikoroga, litarudi.

Kahawa ina moto na uchachu pamoja, na wewe yawezekana ulimimina kasimile ya baridi kwenye kikombe kinachofuka. Lisingeweza kustahimili. Ukitaka kujaribu tena, tumia tui la pili lililokamuliwa asubuhi hiyo, lichuje mara mbili kwa kitambaa, lipashe mpaka liwe moto bila kuchemka, kisha mimina kahawa ndani ya tui kidogo kidogo, si tui ndani ya kahawa. Kahawa iliyokaangwa sana ina uchachu mdogo, itakusaidia. Hata hivyo utaona vijitone vya mafuta vikielea. Maoni yangu ni kwamba tui halikuumbiwa kikombe cha kahawa, na mkahawa wako hautapungukiwa na kitu ukiwaambia wageni hivyo. Wanaotaka kahawa nyeupe isiyo na mnyama wape ya soya au ya lozi. Wanaotaka kuonja pwani wape kahawa tungu kavu yenye tangawizi, na kando yake kashata au tende, na tui lao walikute kwenye kitumbua.

Kuhusu kopo na pakiti, soma kiwango cha mafuta kabla ya picha. Kiwango cha kimataifa cha vyakula cha Codex cha mwaka 2003 kinataka kinachoitwa maziwa ya nazi kiwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, krimu ya nazi asilimia 20, na lile jepesi asilimia 5. Kwa hiyo krimu itumie unapohitaji tui zito, na lile jepesi unapohitaji la pili. Krimu iliyotiwa sukari kwa ajili ya vinywaji isiingie kwenye mchuzi. La muhimu kuliko yote kwa wageni wako ni unga wa tui. Aina nyingi zake hutiwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe, ili unga uchanganyike vizuri na maji. Mgeni anayedhurika na maziwa anaweza kuugua kwa chakula ulichomwambia hakina maziwa. Ukitumia unga, soma orodha ya viungo mpaka mwisho, na ukiona kaseini usiuite wa mimea. Ulizia pia mahamri yako, kwani wapishi wengine huyakanda kwa maziwa ya unga tui likipungua.

Kwa joto la Malindi tui bichi halikai. Lililokamuliwa alfajiri na kuachwa nje, adhuhuri linaweza kuwa limechacha, na harufu yake utaijua. Kamua kwa kiasi cha mlo, la ziada tia kwenye friji kwa siku moja au mbili, au ligandishe. Mchuzi wa nazi uliobaki usiulaze nje.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu hapo sitaki lichanganywe na mengine. Jibu ni hapana, na mpishi na wahudumu wote walijue. Mtoto wa miezi minne hapewi tui, liwe zito au jepesi, bichi au limechemshwa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, na asiyenyonya hupewa maziwa maalumu ya watoto wachanga. Tui, kwa jina lolote utakaloliita, karibu lote ni mafuta na maji. Gramu 100 za tui zina protini kama gramu 2 na kalsiamu miligramu 16 hivi, wakati maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya gramu 3 na kalsiamu karibu miligramu 120. Na hata hayo ya ng'ombe hayamfai mtoto wa umri huo. Neno maziwa kwenye menyu yako ndilo lililomfanya mama yule aulize, nami kwa sababu hiyo peke yake ningelitoa. Akipita miezi 6 na kuanza kulishwa, kijiko cha tui ndani ya kiazi au ndizi iliyopondwa ni chakula kizuri, pamoja na kunyonya. Kwa sasa, mzazi akiomba, mpe maji safi yaliyochemshwa ya kuchanganyia maziwa ya mtoto aliyokuja nayo, na kama hakuja nayo mwelekeze duka la dawa lililo karibu.